Mwenye Kabati na Mtunza Kabati

Mtoto wa Kirundi anayeanza kujifunza Kiswahili hukwama mapema kwenye neno moja. Kwetu igiti ni mti. Darasani mwalimu ananyosha kidole kwenye kitu cha kukalia na kusema: kiti. Nikiwa darasa la pili, Muyinga, niliandika kwenye daftari kwamba ndege ametua juu ya kiti, nikimaanisha mti, na darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Alisema kosa hilo ni dogo, maana kila kiti kilikuwa mti kabla seremala hajakifikia. Jibu lile nimelikumbuka mara nyingi tangu Agosti 2022, nilipotumwa Gitega kuleta kabati.

Swali la insha hii limetokana na kabati hilo. Mtu ana kitu chake, analazimika kukiacha, na mtu mwingine anakitunza miaka mingi, mpaka inakuwa wazi kwamba bila mikono ya huyo wa pili kisingekuwapo tena. Kitu hicho ni cha nani? Wanasheria wana jibu lao, nami nitaligusa, lakini sijaandika kwa ajili ya mahakama. Nataka kujua kama kutunza kunampa mtu haki yoyote, na kama kunampa, ni haki ya namna gani.

Kabati lenyewe babu mzaa mama aliliagiza miaka ya sabini kwa seremala mmoja wa Gitega aliyejifunza kazi kwa mapadri. Ni la mti tunaouita umuvugangoma. Jina hilo lina ngoma ndani yake, kwa kuwa ndio mti unaochongwa ngoma zetu kubwa, kama zile za Gishora, kilomita chache kutoka mjini Gitega. Uchezaji wa ngoma hizo za kifalme uliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Watanzania huuita mringaringa. Mbao zake si nzito kama za mvule, zinachongeka bila shida, na kadiri miaka inavyopita zinapata rangi ya asali. Kabati lina milango miwili, rafu tatu, na chini kabisa droo moja ambayo bibi huiita mtoto wa kabati. Chini ya droo hiyo seremala alikata alama yake kwa patasi, na pembeni babu akaongeza herufi mbili za jina lake kwa kisu. Bibi anasema siku hiyo alimgombeza sana kwa kuharibu kitu kipya.

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na katika siku zilizofuata watu wa mlima wetu walianza kuuana na kukimbiana. Sitaandika nani alimfanya nini nani. Wasomaji wa hapa wanajua, na wasio wa hapa hawatafahamu kwa mistari miwili. Babu alikuwa ameshafariki. Bibi alitoka na mama yangu, sufuria moja, godoro lililokunjwa na mbuzi aliyefia njiani. Mjomba alibaki nyuma ili afunge nyumba kisha awafuate. Hakuwafikia. Wao walivuka mpaka hadi Ngara na kuishi kambini Lukole, ambako mama aliolewa na mtu wa Muyinga, nami nikazaliwa huko. Tuliporudi Burundi mwaka 2004 tulikwenda kwa baba, si Gitega.

Watu walioandika matangazo ya samani za mbao ngumu hupenda kusema kwamba kitu hiki kitakaa vizazi. Nimesoma kuhusu Waamish wa Pennsylvania na Ohio, huko Marekani, jumuiya inayokataa umeme wa gridi na kufikiri kwa pamoja kabla ya kuruhusu chombo kipya kiingie kijijini. Meza na makabati yao yananunuliwa kwa bei kubwa na watu wasio wa dini yao, na wanunuzi husema wanalipia uimara. Naheshimu kazi hiyo. Lakini ahadi ya vizazi ina sharti ambalo tangazo halilitaji: vizazi hivyo viendelee kukaa katika nyumba ileile, au angalau viondoke kwa lori, mchana, vikiwa vimeaga majirani. Kwetu, mtu anayechagua kabati zito la mbao tupu badala ya sanduku la bati anakisia kwamba amani itadumu kuliko mbao. Babu alikisia hivyo. Godoro lilivuka mpaka kwa sababu lilikuwa jepesi, na kabati likabaki kwa sababu lilikuwa zuri.

Mwaka 2022 ndugu yetu mmoja alikwenda kwenye msiba Gitega, akaingizwa katika nyumba ya mzee mmoja wa mlima wa jirani ili apumzike, akaliona. Alijifanya kuangusha sarafu, akainama, akapapasa chini ya droo. Herufi zilikuwapo. Aliporudi Muyinga na kumwambia bibi, bibi alinyamaza tangu adhuhuri mpaka jioni. Kisha akaniita, akaniambia: "Wewe ndiye unasoma. Nenda ukaseme naye vizuri."

Nilikwenda kwa basi kupitia Karuzi. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mwizi. Njiani nilipanga maneno, nikayapanga tena, yote yakiwa makali na yenye adabu kwa wakati mmoja, kama vijana wanavyodhani inawezekana.

"Amahoro, mzee," nilisema mlangoni.

"Amahoro, mwanangu. Karibu, keti."

Aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilipotaja jina la babu aliweka kikombe chini na kutazama kabati, si mimi. Hakukana lolote. Alisema alilinunua mwanzoni mwa 1994, sokoni, kwa watu asiowajua, kwa bei ya mbuzi. Mlango mmoja haukuwapo. Ubao wa nyuma ulikuwa umepasuliwa, labda kwa shoka. Lilikuwa limenyeshewa msimu mzima wa mvua, na miguu miwili ilikuwa imeliwa na mchwa. "Watu walikuwa wananunua vitu kama hivyo kwa ajili ya kuni," alisema. "Mimi niliona kazi ya mtu."

Kisha, bila kuulizwa, alianza kunieleza alivyolitunza, na hapo nilipotezwa kabisa maneno yangu ya kwenye basi. Mwaka wa kwanza alikosea: alilipaka mawese, kama watu wengi wanavyofanya, likang'aa wiki mbili, kisha likawa la kunata, vumbi likaganda juu yake, likanuka. Mawese hayakauki. Ilimbidi ayakwangue yote kwa ukingo wa kipande cha kioo. Baadaye alijifunza kutumia nta ya nyuki iliyolainishwa kwa tapentaini, kidogo sana, kwa kitambaa cha pamba, kila kiangazi mbao zikiwa kavu. Mlango mpya aliutengeneza mwenyewe ingawa si seremala. Wa kwanza ulipasuka katikati Julai ileile, kwa sababu aliugongomea ubao wa katikati misumari pande zote. Ndipo alipoutazama vizuri mlango wa zamani na kugundua kwamba ule ubao haukutiwa gundi wala msumari: umeingizwa tu kwenye mfuo wa fremu, ukiachiwa nafasi. Mbao hutanuka wakati wa masika na kusinyaa kiangazi, na hufanya hivyo kwa upana wake zaidi kuliko kwa urefu wake. Ukiifunga isipumue, itapasuka. "Yule seremala alinifundisha akiwa hayupo," mzee alisema. Mlango wa pili bado upo.

Miguu aliikata palipooza, akaunga mipya ya msave kwa ulimi na tundu, na akaiweka juu ya mawe bapa, kabati likiwa mbali na ukuta upana wa mkono, ili kila mwezi aweze kuinama na kutafuta zile njia za udongo ambazo mchwa hujenga. Miaka 28 ya kuinama. Nilihesabu kichwani nilipokuwa nimeketi pale. Hapo sebuleni kulikuwa na viti vya plastiki, redio, kalenda ya kanisa, na hakuna kingine chochote kilichotunzwa namna hiyo.

Sasa nije kwenye hoja. Mwanafunzi wa falsafa atamkimbilia John Locke, ambaye katika maandishi yake ya pili kuhusu serikali, yaliyotoka 1689, alisema kwamba mtu anamiliki kazi ya mikono yake, na anapoichanganya kazi hiyo na kitu cha asili, kitu kinakuwa chake. Kwa hesabu hiyo mzee ana haki, maana ameweka kazi zaidi kuliko hata babu, ambaye alitoa pesa tu. Lakini Locke alikuwa akizungumzia vitu visivyo na mwenyewe, kama tunda la porini na ardhi ambayo hakuna aliyeilima. Kabati halikuwa tunda la porini. Lilikuwa na herufi mbili chini ya droo. Kuchanganya jasho langu na kitu chako hakukifanyi changu. Vinginevyo fundi wa baiskeli angekuwa mwenye baiskeli zote za Muyinga.

Hata hivyo, katika Locke huyohuyo kuna kipengele ambacho watu hukisahau. Anasema haki ya mtu kuchukua inaishia pale vitu vinapoanza kuoza mikononi mwake bila kutumiwa. Hapo ananigusa. Sheria ya Kirumi, iliyolea sheria za Ufaransa na Ubelgiji na kupitia huko ikafika kwetu, iligawa umiliki katika mambo matatu: kutumia, kuvuna matunda, na kutupa au kuharibu upendavyo. Hilo la tatu waliliita abusus. Ni kweli kwamba nikiwa na kiti changu naweza kukichanja kuni na hakuna polisi atakayekuja. Na nyumbani kwetu tumeitumia haki hiyo bila aibu. Bibi alipofika Muyinga aliagiza viti viwili vya grevilea kwa fundi wa mtaani, viti vizuri, visivyo na msumari hata mmoja. Kimoja kiliachwa nje wakati wa mvua, nami ndiye nililetwa na uvivu nikakiacha, kikaota ukungu na kulegea viungo. Cha pili baba alikifanya ngazi ya kupakia paa. Vilikuwa vyetu kwa kila sheria unayoijua. Nikiwa nimekaa mbele ya kabati lile linalong'aa, nilijiuliza kama neno "vyetu" lilikuwa na maana yoyote zaidi ya kwamba hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuviokoa.

Aristotle anataja hoja ya Antiphon kwamba ukizika kitanda ardhini na kule kuoza kwake kukapata nguvu ya kuchipua, kitakachoota ni mti, si kitanda. Mchwa wa Muyinga wanamuunga mkono Antiphon kila usiku. Hakuna kabati lililo kabati kwa asili yake. Mbao inataka kuwa udongo, na inabaki kabati siku hadi siku kwa sababu kuna mtu anayeikatalia. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba kutunza ni jambo dogo, kama kumwagilia ua la jirani aliyesafiri. Mtunzaji anafanya tena, polepole, ileile kazi ya seremala.

Jirani yetu wa Muyinga, mwalimu wa madrasa, nilimweleza kisa hiki nikiwa nimerudi, naye akanipa neno ambalo nilikuwa nikilitafuta: amana. Katika fikihi ya Kiislamu aliyeokota kitu kilichopotea hakuwi mwenyewe; anakishika kama amana, anakitangaza mwaka mzima, na mwenyewe akijitokeza na kukieleza alama zake anakabidhiwa. Nilipenda kwamba kuna jina kwa mtu aliye kati ya mwenye mali na mwizi. Lakini mzee hakutangaza. Nilikuwa nimemuuliza hilo hasa, kwa sauti ya chini, na jibu lake lilikuwa: "Ningetangaza wapi, mwanangu? Ambao wangesikia walikuwa ng'ambo, au chini." Baada ya muda akaongeza, "Na baadaye mlipoanza kurudi, niliogopa." Nadhani sentensi ya pili ndiyo ya kweli zaidi. Alikuwa na takribani miaka kumi na minane ya kuweza kuuliza tangu watu walipoanza kurudi kwa wingi, na hakuuliza.

Sheria ya kiraia ya Ufaransa ina kanuni kwamba kwa vitu vinavyohamishika, kuwa nacho kwa nia njema ni kama kuwa na hati yake. Aliyeibiwa ana miaka mitatu ya kudai. Naelewa sababu: soko haliwezi kufanya kazi kama kila kikombe kinahitaji ukoo wake. Ila nia njema mwanzoni mwa 1994, sokoni, mbele ya kabati lenye alama ya shoka! Nisingependa kumhukumu mzee aliyenikaribisha, lakini hakuna mtu aliyekuwa akinunua kabati kwa bei ya mbuzi mwaka ule bila kujua limetoka kwenye nyumba ya namna gani. Alijua. Hakujua ni nyumba ya nani, na hiyo ndiyo nafasi nyembamba ambamo alisimama kwa miaka yote hiyo akipaka nta.

Kuna wenzangu watakaosema suluhisho ni kugawana, na kwamba nchi yetu imeshajaribu. Ni kweli. Tume ya Kitaifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoundwa 2006, ilifanya kazi chini ya Padri Astère Kana kwa kusisitiza maelewano: aliyerudi na aliyekaa shambani wagawane. Kuanzia 2011, chini ya Sérapion Bambonanire, msimamo ukageuka kuelekea kumrudishia aliyekimbia mali yake yote. Watu waligombana sana kuhusu njia hizo mbili, na hoja za pande zote mbili nimezisikia jikoni kwetu. Mama alidai shamba la babu na akapata nusu. Mwenye nusu nyingine alikuwa amelima, amepanda migomba, amezika wazazi wake hapo. Mama alikubali, na nadhani alikubali kwa moyo. Lakini jina la tume lilisema pia "mali nyingine", na mama hakulitaja kabati. Alisema hakudhani bado lipo duniani.

Shamba hugawanyika. Kabati haligawanyiki, kama yule mtoto wa hukumu ya Sulemani: ukiligawa linakuwa kuni.

Niliporudi mikono mitupu nilimweleza bibi na mama kila kitu, na nilifanya kosa. Nilieleza utunzaji kwa shauku kubwa mno: nta, mawe bapa, ubao unaopumua. Nilikuwa nimevutwa. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Kabati limetunzwa miaka 28. Kaka yangu, nani alimtunza?" Akatoka nje.

Sina jibu kwa mama, na insha hii ingekuwa ya uongo kama ningejifanya ninalo. Nilichoweza kufanya ni kuona kwamba swali lake linabadilisha langu. Mimi nilikuwa nikipima mtunzaji na mwenye mali kwenye mizani moja, kama kwamba kilichokuwa kati yao ni mbao tu. Kwa mama, upole ule wote juu ya kitu ulikuwa ushahidi wa upole ambao watu hawakuupata. Mtu anaweza kuinama kila mwezi kutafuta mchwa, na katika mwezi fulani wa mwaka fulani asitoke nje kumfungulia jirani mlango. Sijui kama mzee yule alikuwa na nafasi ya kumfungulia mtu mlango. Sikumuuliza, kwa sababu niliogopa jibu lolote.

Baada ya kulitafakari hilo kwa muda mrefu nimefikia msimamo huu, na wahadhiri wataupima. Kutunza hakuhamishi umiliki. Kama kungehamisha, tungemfundisha kila mporaji kwamba akipaka nta ya kutosha atakuwa mwadilifu, na yule aliyezuiwa kutunza kwa kufukuzwa angepoteza mara mbili. Bibi hakuacha kulitunza kabati kwa uzembe, alinyimwa nafasi. Lakini kutunza kunazaa deni, nalo halilipwi kwa kusema asante. Aliyekifanya kitu kiendelee kuwapo ana haki ya kuulizwa kabla hakijaondolewa, na ana haki ya kujua kinakwenda wapi na nani atakishughulikia. Hiyo si haki ya umiliki. Inafanana zaidi na haki ya mama mlezi, ambaye hamwiti mtoto wake kwa jina la ukoo wake lakini hakuna mwenye akili atakayemchukua mtoto huyo usiku bila kusema naye.

Mtu atapinga: je, mwizi wa jana aliyeitunza vizuri baiskeli yangu kwa wiki moja naye aulizwe? Hapana. Deni linakua kwa muda, kwa hatari ambayo kitu kilikuwa nacho, na kwa kiasi ambacho mwenyewe asingeweza kukifikia. Wiki moja ya baiskeli haizai kitu. Miaka 28 ya kabati ambalo lingekuwa majivu inazaa. Na deni hilo halifuti kosa la kulinunua. Vyote viwili vinakaa kwa mtu yuleyule, kama mtu anavyoweza kudai na kudaiwa katika duka lilelile.

Bibi, ambaye hajasoma Locke, aliamua kwa njia nyingine. Desemba ile alisema hataki abashingantahe waitwe, wala mwenyekiti wa mlima. Akaniambia nimuulize mzee mambo mawili: kwanza, kama mlango wa kushoto bado unalia unapofunguliwa, pili, kama yuko tayari kutoa mtoto wa kabati. Nilidhani anatania. "Nyumba hii ina sakafu ya udongo," alisema, "na wewe kiti cha grevilea tu kilikushinda." Sikuwa na la kujibu.

Kwa hiyo nilirudi Gitega. Mlango wa kushoto ndio ule mpya, haulii. Mzee alichomoa droo, akaimwaga vitu vyake juu ya mkeka, misumari na picha na rozari iliyokatika, akaifuta, akaipaka nta mbele yangu ingawa haikuwa kiangazi, akaifunga kwa kitenge cha mkewe. Hakuomba pesa. Aliuliza tu nani ataipaka mwakani, nami nikasema mimi, kwa sauti ambayo haikumridhisha, kwa hiyo akanifanya nirudie hatua zote kuanzia tapentaini. Pale ilipokuwa droo pamebaki tundu, naye alisema ataliacha hivyo.

Bibi akataka kabati jipya litakaloipokea. Fundi wa Muyinga tuliyemwendea ni kijana, lakini alinipeleka uani na kunionyesha jinsi ya kuchagua, na nililinganisha kila neno na yale niliyoyasikia Gitega. Alinyanyua mbao mbili za unene mmoja ili nihisi ile mbichi ilivyo nzito. Alinionyesha kwenye kichwa cha mbao mahali kiini cheusi kinapoishia na ile sehemu nyeupe ya nje inapoanza, ambayo bungua na mchwa huipenda kwanza. Fundi asiye mwaminifu huigeuzia nyuma ya kabati ambako mnunuzi haangalii. Akaniambia nichungulie daima nyuma na chini kabla ya mbele. Mkaratusi aliukataa, kwa kuwa hujipinda na kupasuka, akashauri grevilea iliyopasuliwa kwa msumeno wa watu wawili na kukaushwa kivulini kwa vijiti kati ya ubao na ubao, mwaka mzima kwa kila inchi ya unene, kama mafundi wanavyohesabu. Nilimuuliza mbao zake zimetoka wapi, kwa sababu mbuga ya Ruvubu haiko mbali na najua kuna miti inayotoka huko usiku. Akanitajia mlima na mwenye shamba. Hayo nayo ni sehemu ya kuchagua, na kwenye swali hilo nilikuwa nimeshajifunza kwamba bei nzuri ya mbuzi mmoja haitoshi kuwa jibu.

Kabati lilimalizika Machi, katikati ya mvua. Droo haikuingia. Ilikuwa imebana upande mmoja kwa unene wa kucha. Nilitaka aipunguze kwa randa, naye akakataa kuigusa. Alisema mbao mpya bado inatanuka na ile ya zamani imeshatulia miaka arobaini na zaidi, kwa hiyo atakayesogea ni huyu mpya, tungoje Julai. Bibi aliiweka droo juu ya meza, akatia ndani yake kitambulisho, dawa za presha na picha moja ya mjomba. Mama huifuta vumbi kila Jumamosi. Bado hajataka kusikia habari za Gitega.